Maili Kumi na Nane za Lami

Nordahl, Minnesota
18 Aprili 2011

Kaka yangu Lowell,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Naomba barua hii ikukute mzima na jua la Arizona liwe limekuachia ngozi kidogo. Mimi sijambo, isipokuwa goti, tena ni goti la kushoto, lile nililoangukia uliponisukuma ngazini nikiwa na miaka tisa, kwa hiyo lawama unajua ni za nani. Theluji imeisha. Mto ulipanda hadi kwenye ngazi za maktaba, kisha ukaona haya ukarudi. Kaburi la shemeji yako Duane nimelisafisha. Nimemwekea maua ya plastiki kwa sasa, na najua angelalamika, lakini ya kweli bado hayajachomoza.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Daktari ameniambia nichague moja, fimbo au baiskeli, nami nimechagua baiskeli. Najua ninayemwandikia ni nani. Najua ulisimama kwenye ukumbi wa mji mbele ya watu wote ukaapa kwamba hutaikanyaga ile njia ya baiskeli maisha yako yote, walipong'oa reli na kutaka kumwaga lami katikati ya malisho ya baba. Mimi mwenyewe nimekaa hatua mia mbili kutoka kwenye lami hiyo zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kuvuka daraja la pili. Watu wanatoka Chicago na mahema yao kuja kuiendesha, mimi nawatazama dirishani na kikombe cha kahawa mkononi. Basi mwaka huu nimeamua kuimaliza, maili zote kumi na nane mpaka Wexley, kituo kimoja kila safari, na kila kituo nile kitu. Nitakuandikia nilichokula. Usiposoma, shauri yako.

Kituo cha kwanza hakikunitoa hata jasho. Ni kanisa letu. Kila Jumamosi akina mama tunaweka meza pembeni ya njia tunauza pai. Jumamosi iliyopita tulikuwa na pai ya matofaa na ile ya mashina mekundu machachu yanayoota nyuma ya choo cha zamani cha baba, ya mwaka jana, kutoka kwenye friza. Tuna mchungaji mpya, Corinne, mwanamke mwema, anatoka California, na hilo ndilo tatizo. Mzee Einar Skogstad alikuja kwa miguu, miaka themanini na sita ile, akaketi kwenye benchi. Mchungaji akamuuliza kama amkatie pai. Einar akasema hapana, asijisumbue, ameshiba. Mchungaji akasema sawa, akaondoka na pai yake.

Lowell, ungeuona uso wa yule mzee. Alikuwa ameiota ile pai tangu Krismasi. Ikabidi niende mimi. Nikamwambia, Einar, hata kidogo? Akasema hapana, wape wageni. Nikaenda tena, safari hii na sahani na uma tayari, nikamwambia itaharibika tuitupe.

Akashusha pumzi. "Haya," akasema, "kipande kidogo tu."

Akala viwili. Baadaye nikamvuta mchungaji kando, nikamfundisha kwamba katika bonde hili mtu anakaribishwa mara tatu. Ya kwanza ni adabu ya mwenye nyumba, ya pili ni adabu ya mgeni, ya tatu ndiyo pai yenyewe. Ukiishia mbili, umemwambia hukutaka ale. Akaniambia kwao mtu akisema hapana basi ni hapana. Nikamwambia kwa mwendo huo atatuulia wazee wote kabla ya Pentekoste.

Andika basi, hata mistari miwili. Simu huisikii na mimi nimechoka kupiga kelele mpaka majirani wanafungua madirisha.

Mdogo wako,
Ardis


Arizona
9 Mei 2011

Mdogo wangu Ardis,

Barua imefika. Mimi mzima. Joto limeanza. Kivuli pekee hapa ni cha nyumba yangu ya bati, na bati lenyewe linachoma. Mwanangu Janelle anakuja kila Jumapili baada ya kanisa, ananifungulia friji, anatazama, anafunga, anahema. Jirani yangu Mama Barraza ananiletea maandazi ya mahindi yaliyofungwa kwenye maganda. Huyo hakaribishi mtu. Anaweka mezani na kwenda zake. Mwaka wa kwanza nilimwona hana adabu, sasa naona ananiokolea muda.

Goti halikuwa kosa langu. Ulikuwa umembeba paka wangu.

Kuhusu ile njia sina la kusema. Nilisema yangu ukumbini na watu wakapiga kura wakanishinda, na wewe ulikuwa upande wao. Ukiniandikia habari za lami nitaruka mistari.

Einar asikudanganye na uzee wake. Alikula nusu ya keki ya harusi yangu na Marlys, kipande kidogo kidogo, mpaka ikabaki sahani.

Hilo daraja la pili bado lina zile mbao nene za treni, au nalo wamelipaka lami? Nauliza tu.

Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu niliyoikuta dukani ni nene.

Lowell


Nordahl
29 Mei 2011

Kaka Lowell,

Hujambo huko kwenye bati? Huku mvua za mfululizo zimekwisha na kila kitu ni kijani mpaka macho yanauma. Wale mapacha wa jirani yangu Judith wamehitimu shule, na sherehe zote mbili zilikuwa na saladi ileile ya viazi. Mimi nina afya, na goti linaanza kunyenyekea.

Daraja la pili bado lina mbao zake. Ukipita na baiskeli zinanguruma chini yako mpaka meno yanagongana. Kwa kuwa umesema utaruka mistari, hii hapa iruke.

Nimefika Soldal, maili sita. Nilipumzika mara nne, na mara zote nilijifanya natazama ndege. Waendesha baiskeli wa mjini walinipita wakiwa na nguo za kubana hadi unaona mtu alikula nini asubuhi, na kila mmoja akanisalimu kwa heshima, kwa hiyo sitawasema sana. Soldal nilikula kwa Bev Lindahl, kwenye baa. Samaki wa Ijumaa bado ni yuleyule, lakini mimi nilichukua vile vipande vya jibini mbichi vilivyokaangwa, vya moto, unavuta na vinakataa kukatika. Bev aliuliza habari zako. Nikamwambia unanawiri. Akanitazama kwa jicho lile la wenye baa, kisha akaniongezea jibini bila kuniuliza.

Kutoka pale ni nusu maili tu mpaka kwenye ule upinde wa njia ambapo mnara wa nafaka wa baba unaanza kuonekana juu ya miti. Niliuona. Nikashuka. Nikasimama na baiskeli kama mtu anayengoja treni, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Nilipopita tena kwa Bev akauliza mbona haraka hivyo, nikasema ni goti. Si goti, Lowell.

Neno moja kuhusu kalamu yako. Barua yako ilikuwa kurasa tano, na ningeweza kuisoma nikiwa ng'ambo ya barabara. Mstari wa tatu uliandika juu ya mstari wa pili. Hiyo ni kalamu ya aina gani?

Mdogo wako,
Ardis


Arizona
20 Juni 2011

Ardis,

Mimi mzima. Kalamu ni nzuri. Achana na kalamu.

Mbona uligeuka? Unaendesha maili sita na jibini tumboni, kisha unarudi kama ng'ombe aliyekuta nyoka kwenye lango. Shamba si letu tena. Waliolinunua walilinunua kwa haki, kwenye mnada, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale nawashikilia ndama. Hakuna atakayekuuma.

Sifikirii habari za huko. Nafikiria zaidi siku niliyoondoka, ile ya mwaka themanini na saba. Ulikuja umevaa aproni ya mgahawa wako, una unga kwenye kiwiko, ukasimama kando ya gari langu. Basi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kama utafika, sikiliza kama pampu bado inalia.

Lowell


Nordahl
11 Julai 2011

Kaka yangu,

Salamu. Joto lako umelituma huku na tumelipokea, asante sana. Mahindi yamenifika kiunoni. Tarehe nne, Siku ya Uhuru, tulikuwa na gwaride, Einar akiwa juu ya trekta, amevaa sare za jeshi ambazo zinafungika kwa vifungo viwili tu vya juu.

Nimefika shambani.

Njia inaingia kwenye malisho ya magharibi, palepale ilipopita reli, inapita mita thelathini kutoka kwenye chumba cha maziwa, na sasa chumba hicho cha maziwa ni duka la aiskrimu. Nakuambia wewe kwanza ili usikie kutoka kwangu. Ni vijana wawili, mume na mke, Cody na Renee Fenske. Bado wanakamua ng'ombe ishirini na maziwa yenyewe ndiyo wanayogandisha. Wameweka mabenchi chini ya ule mti mrefu. Watu walikuwa wengi, watoto wamepakaa hadi kwenye nyusi.

Nikaingia ndani, na ukutani, juu ya kaunta, kuna kibao chako. Kile ulichokipigilia kwenye seng'enge wakati wa ule mgogoro, kwa rangi nyekundu ya ghala: NG'OMBE WALIKUWA HAPA KABLA YENU. Renee alisema walikikuta kwenye nyasi mwaka wa kwanza na wakakipenda. Wateja wanapiga picha chini yake. Nilijua nikikuandikia hili utakasirika au utacheka, na kwa mara ya kwanza katika miaka sabini na moja sijui ni lipi.

Nikamwambia, "Aliyeandika hicho ni kaka yangu."

Yule binti aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama bado uko hai. Nikasema uko hai na una hasira zilezile. Wakataka kunipa aiskrimu bure. Nikakataa, wakanipa tena, nikakataa, wakanipa tena, wamelelewa vizuri wale. Ya cheri. Nikaila nimekaa kwenye ile ngazi ya zege ambapo baba alikuwa akivulia mabuti.

Pampu bado inalia. Cody anasema ameitia mafuta mara kumi na haisikii. Na alama zetu za urefu bado ziko kwenye mwimo wa mlango, hawajazipaka rangi. Ya kwako ya mwisho iko chini ya ya kwangu, kwa hiyo lile suala la nani alikuwa mrefu mwaka hamsini na mbili nadhani sasa limekwisha. Nililia pale kwenye ngazi, Lowell, na sikujificha. Nilikuwaza hadi aiskrimu ikanimwagikia kwenye kiatu.

Andika.

Ardis


Nordahl
22 Agosti 2011

Kaka Lowell,

Wiki sita. Nimeenda posta mpaka yule mama wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijafungua mlango. Sisi huku wazima. Nimefika Wexley, maili zote kumi na nane nimezimaliza, na kituo cha mwisho ni kibanda kisicho na mtu, mahindi mabichi mezani na kopo la kahawa la kuwekea hela. Nililila hindi moja bila kulipika, nimesimama. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Sasa nitasema, maana husemi. Janelle alinipigia. Aliniambia ulijimwagia kahawa ya moto mkononi kwa sababu hukukiona kikombe. Aliniambia amekupatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja na mtu usiyemjua, dirisha linatazama maegesho ya magari, kuanzia tarehe moja Oktoba. Anasema hukusema ndiyo wala hapana. Analia, maskini, yeye na mumewe wanaishi orofa ya tatu na hana pa kukuweka.

Mimi ninapo. Chumba cha juu kiko wazi, au kile cha chini cha kushonea kama ngazi zinakuogopesha. Cherehani nitaitoa. Njoo ukae hapa.

Mdogo wako,
Ardis


Arizona
3 Septemba 2011

Mdogo wangu Ardis,

Mwandiko huu ni wa Mama Barraza. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameahidi kutoongeza lake. Salamu zake pokea. Mkono umepona, umebaki na rangi kama ya nyama iliyovutwa moshi.

Ni macho. Tatizo lilianza mwaka juzi. Katikati ya kila kitu kuna doa, pembeni naona. Nikimtazama mtu usoni namwona masikio. Mama Barraza anasema nimwambie ana masikio mazuri. Kuendesha gari niliacha Februari. Barua zako nilikuwa nazisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja, ile ya shambani ilinichukua siku tatu, halafu nikairudia. Sikuruka mstari. Kibao, nilicheka. Hiyo ya urefu ni uongo, ulivaa viatu.

Kuhusu kuja, hapana. Asante. Una maisha yako na baiskeli yako, sitaki kuwa mzigo uliokaa kwenye chumba cha kushonea. Nyumba ya wazee Janelle anasema ni safi.

Nitasema jambo moja, kwa kuwa siandiki mimi na aibu ni ya mwingine. Siku niliyoondoka nilikuwa sina shamba, sina ng'ombe, Marlys na mtoto wametangulia kwa wakwe zangu. Ukaja na aproni yako. Ukasema, kaeni kwetu kwanza, chumba cha juu kiko wazi. Nikasema hapana. Ukasema tena, Lowell, kaeni hata msimu wa baridi tu. Nikasema hapana, tutawabana. Kisha nikasimama pale na mlango wa gari wazi. Nilijifanya naangalia gurudumu. Nikaangalia magurudumu yote manne, Ardis.

Uliniuliza mara mbili.

Lowell


Nordahl
10 Septemba 2011

Kaka yangu,

Salamu leo sitazirefusha. Barua yako niliisomea jikoni nimesimama, na nikabaki nimesimama mpaka chakula kikaungua.

Ningeweza kukuambia nilisahau kuhesabu. Au kwamba mgahawa ulikuwa na wateja. Nimejiambia hayo miaka ishirini na minne, na nilipomfundisha mchungaji wetu habari ya mara tatu nilikuwa nasikia moto masikioni. Mimi na wewe tulilelewa nyumba moja. Nilijua nilikuwa nimefika mbili. Nilikuona unaangalia magurudumu.

Asubuhi ile Duane alikuwa ameniambia kwamba ukikubali, yeye atalala gereji. Lakini simsingizii marehemu, mdomo ulikuwa wangu. Ukweli ni kwamba nilitia saini upande wa njia, kwa kuwa mgahawa wangu ungepata watu, na ukapata. Wewe ulipoteza malisho, mimi nikauza kahawa kwa waliopita juu yake. Nisingeweza kukuona kila asubuhi mezani kwangu ukila mayai kimya. Nilikuogopa. Niliogopa usije ukasema ndiyo. Kwa hiyo nikanyamaza, ukafunga mlango, na nikarudi kukaanga vitumbua vya watu. Nisamehe, Lowell. Siombi usahau, maana najua kichwa chako.

Ile barua ya Agosti ilikuwa ya kwanza. Hii ni ya pili. Njoo ukae nami. Hutanibana. Nyumba ina vyumba vitano na mwanamke mmoja anayeongea na redio.

Na nimenunua kitu. Duka la Soldal la kukodisha baiskeli huuza zilizochakaa kila vuli, nikapata nyekundu moja ya watu wawili, kiti mbele, kiti nyuma. Niliirudisha nyumbani peke yangu, maili sita, na kila niliyekutana naye aliniuliza mwenzangu nimemwangusha wapi. Anayekaa nyuma hahitaji kuona. Anahitaji kukanyaga pedali na kunyamaza, na la pili najua litakushinda. Nitakusomea njia kwa sauti: huyu ni Einar, lile ni daraja, kule kuna pai. Saa moja na nusu kwa mwendo wetu na tunakula aiskrimu chini ya kibao chako.

Kiapo chako nimekifikiria pia. Ulisema hutaikanyaga lami. Hutaikanyaga. Miguu itakuwa kwenye pedali.

Ardis


Arizona
17 Septemba 2011

Ardis,

Mama Barraza tena. Barua yako alinisomea mara mbili, na ya pili alisimama katikati akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyanywa.

Nilikuwa najua kuhusu Duane. Nilikuwa najua kuhusu saini, iliandikwa kwenye gazeti. Mimi nisingekula mayai kimya, ningeyalalamikia. Hilo la kuogopa sikulijua. Nilidhani hukunitaka. Kumbe ulikuwa unaniogopa, na mimi nilikuwa nakuogopa wewe na aproni yako. Nimekusamehe. Ningekusamehe zamani kama ungeuliza, na wewe ungeuliza kama ningeandika.

Lakini kuja, hapana. Nina miaka sabini na mitano na nitakupotezea vikombe vyote. Msimu wa baridi wa huko nimeusahau. Janelle ameshalipia mwezi. Asante kwa kunikaribisha, usijisumbue.

Baiskeli nyekundu ni upuuzi. Ina breki kwa anayekaa nyuma?

Mama Barraza anasema kama kuna barua nyingine nitaijibu kwa mkono wangu mwenyewe, yeye amechoka kuandika neno hapana.

Lowell


Nordahl
22 Septemba 2011

Kaka yangu Lowell,

Sina habari za mtu yeyote leo. Pai ya matofaa ipo. Cherehani nimeshaitoa, iko barazani na inanyeshewa. Nimepaka rangi nyeupe ukingo wa kila ngazi ili uione kwa pembeni. Nimeongea na Janelle, amelia, amesema mwezi uliolipwa si neno. Anayekaa nyuma hana breki, na ndivyo ninavyotaka.

Nimesimama kando ya gari lako, nina unga kwenye kiwiko. Mlango uko wazi. Hii ni ya tatu.

Njoo nyumbani.

Mdogo wako,
Ardis


Arizona
27 Septemba 2011

ARDIS

HAYA.
KIPANDE KIDOGO TU.

LOWELL